Asali Iliyodondoka Kwenye Mwanzi

Kabla sijastaafu na kukabidhi ufunguo, mwalimu mkuu wa sasa aliniomba niwaachie ninyi walimu mnaobaki ukurasa mmoja wa maelekezo ya chumba cha vitabu: vishikwambi vinachajiwa vipi, karatasi inakunjwa vipi, nani aruhusiwe kuingia na nani asubiri nje. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili kalamu ilikwenda moja kwa moja kwenye siku ambayo niliharibu kitabu cha mwanafunzi wangu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikakaa kimya yeye akihojiwa mbele ya wenzake. Nimeona afadhali niiandike siku hiyo mahali pake, pamoja na miaka iliyonifikisha hapo. Maelekezo ya kuchaji yamebandikwa ukutani na yanatosha.

Niliripoti Chunya wakati wa kiangazi nikiwa nimevaa viatu vyeupe, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufika Chunya angenikataza. Kufikia geti la shule vilikuwa na rangi ya barabara, na vilibaki hivyo. Nilipewa darasa la nne, watoto sabini na wawili, wengi wao wa wachimbaji wadogo wa dhahabu na wakulima wa tumbaku. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto huandika vizuri akiandika anachokijua, kwa hiyo siku ya kwanza niliwapa insha: "Nyumbani kwetu". Wakafungua madaftari, wakashika penseli, wakanitazama. Dakika kumi zikapita. Nilianza kudhani wamenigomea. Mwishowe binti mmoja wa dawati la mbele akaninong'oneza kwa huruma, "Madam, hujaandika ubaoni."

Walikuwa wanasubiri cha kunakili.

Aliyenifundisha kazi pale alikuwa Mwalimu Asajile, Mnyakyusa mrefu aliyebakiza miaka michache astaafu. Alinionyesha namna ya kuandika mstari ulionyooka kwenye ubao usio na mistari: unahamisha miguu, hunyooshi mkono. Alinionyesha namna ya kufanya chaki moja itoshe vipindi vitatu. Na kuhusu insha, aliniita pembeni. "Binti yangu, hawa watoto Kiswahili wanakutana nacho hapahapa shuleni, kama wewe na mimi tulivyokutana nacho. Waandikie insha ya mfano, wanakili, usahihishe. Na nikuambie jambo moja. Kosa la mtoto likishatoka nje ya mlango huu, limekuwa lako."

Nilimwamini, kwa sababu alikuwa mwalimu mzuri kweli. Nikaandika insha ya mfano kuhusu mjomba anayeishi Dar es Salaam, aliyekuja likizo na zawadi ya kalamu. Kwa miaka sita, kila mtoto aliyepita mikononi mwangu Chunya alikuwa na mjomba huyo huyo, na kalamu hiyo hiyo. Madaftari yalikuwa safi. Wakaguzi walinipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza inawezekanaje mtu mmoja awe mjomba wa watoto sabini na wawili.

Kutoka Chunya nilihamishiwa Igawa, kwenye barabara kuu, ambako nusu ya darasa langu ilikuwa inauza mahindi ya kuchoma na vitunguu kwenye madirisha ya mabasi. Mtoto wa miaka kumi aliyeweza kumbishia kondakta mpaka kondakta akaomba yaishe, hakuweza kuniandikia mistari mitatu. Hilo lilinisumbua. Nilianza kukusanya mifuko ya saruji kwa mafundi waliokuwa wanajenga, nikatoa zile karatasi za katikati ambazo saruji haikuzigusa, nikazikata, nikazishona kwa sindano ya magunia. Vikawa vitabu. Watoto waliandika humo mambo yao: dereva gani husimama na gani hupita, namna ya kufunga vitunguu visimwagike. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini kabla ya kushona nilipitia kila mstari, nikafuta, nikabadilisha, nikawapa wanakili upya kwa mwandiko mzuri. Majina juu ya jalada yalikuwa yao, ila sentensi nyingi zilikuwa zangu. Sikuona tatizo. Niliona kwamba hakuna kosa lililotoka nje ya mlango.

Miaka mingi baadaye nikiwa Iringa, katika shule ya msingi ya kata ya Mlandege, tuliletewa vishikwambi kumi na viwili, mashine moja ya kuchapa, na programu ya kutengenezea vitabu ambayo haikuhitaji mtandao. Vililetwa kwa majaribio ya mwaka mmoja. Sharti lilikuwa moja, nalo liliandikwa kwa herufi nzito kwenye barua: mwanafunzi atengeneze kitabu chake mwenyewe, bila mkono wa mwalimu. Mwaka ukiisha wangekuja kutazama. Wakiridhika, vifaa vingebaki. Wasiporidhika, vingekwenda shule nyingine, na shule zilizovitaka zilikuwa nyingi.

Nieleze kidogo jinsi programu ile ilivyofanya kazi, kwa sababu ninyi mliokuja juzi mmekuta imebadilishwa kidogo. Mtoto huingia kwa zamu, kwa jina lake na neno lake la siri, na mwenye zamu ya Ijumaa huenda na kishikwambi nyumbani. Hachagui kuandika kwanza, huchagua kusema. Anakisogeza kishikwambi mdomoni, anasimulia, kisha anajisikiliza kipande kwa kipande na kuandika alichokisema. Kwa mtoto anayezungumza Kihehe au Kibena nyumbani, hatua hiyo ndiyo kila kitu, kwa maana haanzi na ukurasa mtupu, anaanza na sauti yake. Kisha anapanga picha, anachagua jalada, anabonyeza "Chapa". Kurasa zilipaswa kugawanyika kwa nne, la sivyo karatasi ikikunjwa kunabaki pengo. Mwalimu alikuwa na ufunguo wake uliofungua vitabu vyote. Na programu ilihifadhi kumbukumbu ya kila badiliko: nani kabadilisha, nini, na saa ngapi. Hili la mwisho niliwafundisha watoto mimi mwenyewe wiki ya kwanza, ili wasisingiziane. "Mashine haisahau," niliwaambia, nikijiona mwerevu.

Katika darasa la tano kulikuwa na msichana anayeitwa Vumilia. Alilelewa na bibi yake nje kidogo ya mji, upande wa mabonde yenye mianzi, na alitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Darasani hakusema. Ukimuuliza alisimama, akatazama dirisha, akakaa. Walimu wenzangu walishamwandika katika kundi la wasioweza, nami, niwe mkweli, sikuwa nimemwandika kundi lolote. Siku ya kwanza alipopewa kishikwambi alikwenda nacho kona ya chumba, akageukia ukuta, na nikamsikia anazungumza. Alizungumza nusu saa nzima, Kihehe kwanza, Kiswahili baadaye.

Kitabu chake kilichukua muhula mzima. Kiliitwa "Kugema Ulanzi". Kwa wale waliotoka mikoa isiyo na mianzi: ulanzi ni maji yanayodondoka kwenye ncha ya mwanzi mchanga ikikatwa msimu wa mvua, yakakingwa kwa mbeta, kipande cha mwanzi kilicho wazi juu. Ukinywewa mapema ni mtamu. Ukikaa huchacha na kuwa pombe. Mimi ni Msafwa wa Mbeya na sikuujua ila kwa kuuona kwenye madumu. Mara moja tu nilisogea kutazama anachoandika, akafunika kioo kwa mkono. "Bado, Madam," alisema. Katika miaka yote ya kazi hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia bado. Nikarudi nyuma.

Wageni, wale waliotuletea vifaa, walipangiwa kuja Alhamisi. Jumatano, watoto wakiwa wameshaondoka, Mwalimu Mkuu wa wakati ule, Bwana Sanga, aliingia chumba cha vitabu akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na kidevu.

"Madam, wageni saa nne kesho. Vitabu viko tayari?"

"Viko tayari kuchapwa. Thelathini na moja."

"Kuna chochote cha kutuaibisha humo?"

Nilipaswa kusema hakuna. Nikasema, "Kuna kimoja cha ulanzi."

"Ulanzi?" Alijaribu kusimama, dawati likamzuia. "Pombe? Darasa la tano? Madam, unataka wale watu waandike kwamba mimi hapa nafundisha watoto kugema pombe? Na kamati ya shule, nusu yao wazee wa kanisa?"

"Ni utaratibu tu wa kazi, Mwalimu Mkuu. Bibi yake ndiye..."

"Kitoe."

"Kikitoka, hana kingine. Darasa zima litakuwa na vitabu, yeye peke yake mikono mitupu."

"Basi kirekebishe. Wewe si mwalimu?"

Akajinasua kwenye dawati akaenda zake. Nami nikafungua kitabu cha Vumilia kwa ufunguo wangu.

Nataka muelewe jinsi jambo hili lilivyokuwa jepesi. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na kitu: kumpitishia mtoto mkono kidogo kabla hajaonekana. Niliitafuta kila sehemu yenye neno ulanzi, nikaweka asali, na jalada likawa "Kukusanya Asali". Niliichagua asali kwa sababu Iringa ina asali nzuri na hakuna mzee wa kanisa anayeichukia. Ukurasa wa sita ulianza na maneno kuhusu pombe na kulewa. Nikaufuta wote bila kumaliza kuusoma. Kisha nikakumbuka kwamba kurasa saba hazikunjiki, nikaweka hapo picha ya nyuki iliyokuwamo kwenye programu. Robo saa haikutimia. Vumilia nitamwambia asubuhi, nilijisemea.

Vitabu nilivichapa jioni ile ile, nikavipeleka mjini kubanwa kwa Mama Zarina, mwenye duka la vifaa vya shule alilolirithi kwa baba yake, aliyelirithi kwa babu yake. Ndiye peke yake aliyekuwa na stepla ya mkono mrefu inayofika katikati ya karatasi, na hakukubali kuiazima; ilibidi abane mwenyewe, na kila alichokibana alikisoma. Alibana, akasoma, akacheka na kitabu cha kuku, akasoma. Alipofika kwenye cha Vumilia akashusha miwani.

"Mwalimu, mimi si mtaalamu wa asali. Lakini hawa nyuki wako wapi?"

"Yupo, ukurasa wa sita."

"Huyu mmoja? Huyu naona amepotea njia, anauliza kwao." Alikigeuza kitabu. "Na mtoto anakata mwanzi, asali inatoka. Mwanzi gani huo, nami nikapande?"

"Ni mambo ya kitoto, Mama Zarina. Bana tu."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akabana.

Asubuhi sikumwambia. Nilimwona Vumilia akifagia mbele ya darasa, nikamwona tena akipanga madawati, na kila mara kulikuwa na mtu ananiita. Hayo ndiyo niliyoyaandika baadaye kwenye barua ya kwanza ya kujieleza, kabla sijaichana. Ukweli ni kwamba nilipata nafasi mbili, nami nikazipisha.

Wageni walikuwa watatu, lakini aliyezungumza ni mmoja, Bwana Mdemu, mtu wa makamo mwenye suti ya kahawia na sauti ya chini. Alitembea kati ya madawati akivichukua vitabu kimoja kimoja. Alimuuliza mtoto wa kitabu cha kuku maswali, akajibiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilianza kupumua. Kisha akachukua "Kukusanya Asali".

"Mwandishi nani?"

Vumilia akasimama. Alikuwa amevaa sweta safi. Akapewa kitabu asome, akalitazama jalada, na nikaona macho yake yanarudi juu kulisoma mara ya pili. Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa juu ya bibi yake kuamka mapema, nao sikuugusa. Akausoma vizuri, kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia, mpaka wengine wakageuka. Akafunua ukurasa wa pili. Akanyamaza.

"Endelea, binti."

Bwana Mdemu akakichukua kitabu taratibu akasoma mwenyewe. "Tafuta mwanzi mchanga uliofika kifuani mwa mtu mzima. Kata ncha kwa kisu kikali. Ning'iniza mbeta chini yake. Asali itaanza kudondoka." Watoto wa dawati la nyuma wakaanza kucheka, wale wa upande wa mianzi hasa. "Asali," alirudia. "Binti, asali inatoka wapi?"

"Kwenye mzinga."

"Hapa panasemaje?"

"Kwenye mwanzi."

"Uliandika wewe?"

Akisema ndiyo, anakubali kuwa mjinga mbele ya watoto waliokua na mianzi kama yeye. Akisema hapana, anamshitaki mwalimu wake mbele ya wageni. Alikuwa na miaka kumi na moja. Hakunitazama. Alitazama dirisha kama alivyozoea, kisha akasema, "Niliandika kingine."

"Kingine kipi?" Bwana Sanga akaingilia. "Vumilia, usitupotezee muda. Kitabu chako si hiki? Jina lako si hili?"

"Ni langu."

"Basi umenakili mahali, umenakili vibaya. Kesho uje na mzazi."

Bwana Mdemu akafunika faili lake. "Mwalimu Mkuu, mimi sina ugomvi na mtoto. Lakini ndicho tulichokuwa tunakihofia. Inaonekana mashine inatunga, watoto wanasimamishwa wasome. Kama kimoja kiko hivi, hivi vingine thelathini nitavijuaje?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na ningependa kuwaambia kwamba nilisema kweli. Nilisema, "Huenda programu imebadilisha maneno yenyewe. Huwa inatokea."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza jambo la kiufundi.

"Mashine inaijua asali?" Bwana Mdemu aliuliza.

Na Vumilia, ambaye walimu wawili walikuwa wamemshika katikati na kumbana, akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayemkumbusha mwingine kitu alichokisahau: "Mashine haibadilishi, Madam. Inaandika aliyebadilisha. Ulitufundisha." Kishikwambi kilikuwa mezani. Akakichukua, akaweka neno lake la siri, akafika kwenye ukurasa wenye alama ya saa ndogo, kidole kikabaki juu ya alama hiyo. Kisha akanigeukia. "Nifungue, Madam?"

Wenzangu, mtakutana na maswali magumu kazini. Mimi sikuwahi kukutana na gumu kuliko hilo. Angeweza kubonyeza tu. Alikuwa na haki yote ya kubonyeza. Aliniomba ruhusa kwa sababu tuliwafundisha kuomba ruhusa, na nilijua kabisa kwamba nikisema "acha", ataacha, atakaa chini, na kesho atakuja na bibi yake kusikiliza kwamba ni mdanganyifu. Bwana Sanga alikuwa ananikazia macho.

"Fungua," nikasema.

Kioo kikajaa mistari. Upande wa kulia jina langu, mara tisa, moja chini ya nyingine. Jumatano, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Saa tisa na dakika kumi na tatu. Ulanzi, asali. Ulanzi, asali. Ukurasa wa sita: umefutwa. Picha ya nyuki: imeongezwa.

"Ni mimi," nikasema, ingawa haikuhitajika tena. "Yeye hakujua. Kitabu chake kilikuwa sahihi."

Bwana Mdemu alivuta kiti akaketi karibu na Vumilia, akamwomba arudishe kitabu kama kilivyokuwa. Akakisoma chote kimyakimya. Kilichofuata hakikuwa kama nilivyotarajia, kwa kuwa hakuniuliza mimi kitu.

"Umeandika kisu kiwe kikali. Kwa nini?"

"Kisu butu kinaponda. Mwanzi ukipondeka unaziba, hautoi."

"Na ncha unakata mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Kidogo, kama karatasi. Ukikata nene unaumaliza."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi."

"Bibi yako anajua kazi." Alisema hivyo kwa Kihehe kwanza, kisha akatafsiri kwa ajili yetu wengine. Halafu uso wake ukarudi kuwa wa kiofisi. "Lakini binti, hii ni shule. Kitabu cha pombe shuleni ni sawa?"

"Asubuhi siyo pombe. Ni tamu, hata watoto tunakunywa. Pombe ni ukurasa wa sita." Akaufunua. "Hapa. Nimeandika ukishachacha mtoto asinywe. Nimeandika na mjomba alivyoanguka korongoni."

Bwana Mdemu akausoma ukurasa wa sita kwa sauti. Ulikuwa na sentensi tano. Sentensi ya kwanza ilitaja pombe na kulewa. Nne zilizobaki zilikuwa onyo, nalo limeandikwa vizuri kuliko bango lolote nililowahi kuliona kwenye ukuta wa zahanati. Mimi nilikuwa nimesoma ya kwanza tu. Wakati nikifundisha ufahamu, kosa hilo nilikuwa nalikatia alama mbili.

Ripoti yao ilikuja baada ya wiki tatu, nazo zilikuwa wiki ndefu. Vifaa vilibaki, kwa sharti: ufunguo wa mwalimu upunguzwe, uweze kusoma vitabu vya watoto na kuandika maoni pembeni, usiweze kugusa neno. Bwana Sanga alinidai barua ya kujieleza. Niliandika ya kwanza, kurasa mbili, nikaichana. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu, nayo imo kwenye faili langu mpaka leo; atakayetaka aisome. Hivyo miaka yangu ya mwisho ya utumishi nilifundisha kuandika huku nikiwa mtu pekee chumbani asiyeweza kuandika.

Lakini lilibaki jambo ambalo ripoti haikuweza kuliamua.

Siku iliyofuata ujio wa wageni, bibi yake Vumilia alikuja. Katika msukosuko hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto kwamba wito umefutwa, basi bibi kafunga khanga akatembea mpaka shuleni. Nilimkalisha kivulini nje ya ofisi nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Asali ya mwanzi," alisema. "Mwalimu, mimi na uzee huu sijaiona."

"Nimekosa, Bibi. Jana, wageni walipoondoka, nimemwomba msamaha mbele ya darasa."

"Ameniambia. Amesema umemwomba vizuri." Alifunga tena khanga yake. "Ila amesema haandiki tena. Mimi sijui kusoma, nimwambie nini? Siwezi kumlazimisha kitu nisichokijua."

Na hakuandika. Muhula ule wote aliingia chumba cha vitabu na wenzake, akawakunjia karatasi, akamsaidia mtoto wa kitabu cha kuku aliyekuwa sasa na kitabu cha bata, lakini kishikwambi cha zamu yake kilikaa kimezimwa mezani. Sikumsukuma. Nilitaka sana kumsukuma. Mwenye kazi kama yangu huzoea kwamba mtoto akikwama unamshika mkono, na mimi mkono wangu ulikuwa umeondolewa kwa barua rasmi. Kilichobaki ni kisanduku kile cha maoni, pembeni ya kila ukurasa, kidogo kama kiberiti. Nilikaa nacho siku kadhaa. Kila nililoanza kuandika lilikuwa pongezi au msamaha mwingine, na vyote viwili vilikuwa vinamwomba yeye anifanyie kitu. Mwishoni niliandika swali, kwa sababu kweli sikulijua jibu lake: "Mtu anajuaje kwamba ulanzi umeacha kuwa mtamu?"

Swali lilikaa pale peke yake. Wiki ya kwanza hakukifungua. Wiki ya pili programu ilinionyesha kwamba amekifungua na kukifunga. Mvua zikaisha, tukaenda likizo, tukarudi. Nilikuwa naanza kuelewa kwamba kuna mambo ambayo mwalimu huyavunja na hayarudi, na kwamba ningestaafu nikilijua hilo.

Kisha Jumatatu moja, kipindi cha tatu, nikamsikia mtu anazungumza kwenye kona. Sikugeuka. Nilijishughulisha na kuhesabu penseli, nikazihesabu mara nne. Kengele ilipolia na chumba kikabaki kitupu, nilifungua kitabu chake. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili sasa. Alikumbuka kwamba lazima zigawanyike kwa nne. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sauti na maandishi. Nilibonyeza sauti kwanza. Aliyeanza kuzungumza hakuwa Vumilia, bali bibi yake, aliyerekodiwa nyumbani, kwa Kihehe, polepole, na Vumilia akimfuata kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi: kwamba unasogeza sikio kwenye mbeta, ukisikia unanong'ona ndani kama maji yanayotaka kuchemka, usimpe mtoto. Chini yake alikuwa ameandika maelezo hayo hayo, na juu yake kichwa cha habari.

"Ukurasa huu ni wa mtu asiyejua, kama Madam wetu."

Nilisoma ukurasa mzima nikiwa nimesimama. Kulikuwa na mahali ambapo, miaka ya nyuma, ningeongeza mkato. Nikabonyeza "Chapa", nikangoja karatasi zitoke.